Sahani, Dera na Kitu Kitamu: Kula Vizuri na Kujipa Raha Ukiwa Mjamzito Nairobi

Mwanamke akishajulikana ana mimba Nairobi hii, kila mtu huwa daktari wake. Jirani wa ghorofa ya juu atamkataza mayai, eti mtoto atanenepa ashindwe kutoka. Mwenzake wa kazini atamhimiza ale chakula cha watu wawili. Shangazi atapiga simu kutoka mashambani kuuliza kama bado anavaa vile viatu vya visigino. Baada ya majuma machache utamkuta anakula kwa woga, au ameamua kutomsikiliza yeyote na anakula chochote kilicho karibu.

Msimamo wangu ni huu: mjamzito anayefurahia chakula chake hula vizuri kuliko yule anayekatazwa kila kitu. Karibu kila raha ndogo ya mji huu ina nafasi yake katika miezi hii tisa, mradi ujue saa yake, kiasi chake na jinsi ilivyoandaliwa. Vichache havina nafasi hata kidogo, na hivyo nitavitaja bila kuzunguka.

Hatua ya kwanza: panga saa ya chai

Naanza na chai kwa sababu ndiyo inayoharibu kazi nyingine yote bila mtu kujua.

Nenda kliniki mapema, ikiwezekana kabla ya wiki ya 12. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8 kabla ya kujifungua. Ukifika utapewa kitabu cha Mama na Mtoto, na pia vidonge vya kuongeza damu. Kidonge cha kila siku kina miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, na katika kliniki za serikali hutolewa bure. Asidi ya foliki husaidia uti wa mgongo na ubongo wa mtoto kujifunga sawasawa katika wiki za mwanzo kabisa, mara nyingi kabla hata mama hajajua ana mimba. Ndiyo maana anayepanga kupata mtoto hushauriwa aanze kuimeza mapema. Madini ya chuma nayo ni ya damu, na damu ya mjamzito huongezeka sana ili itoshe watu wawili.

Sasa chai. Majani ya chai yana tanini, na tanini hushikana na madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini. Maziwa tunayochemshia ndani yake yana kalsiamu, ambayo pia hupunguza kiasi cha chuma kinachoingia. Kwa hiyo mtu anayemeza kidonge chake kwa kikombe cha chai ya asubuhi, kisha akashushia managu ya mchana kwa chai nyingine ya moto, anapoteza sehemu kubwa ya kile alichokwenda kukitafuta.

Sikuambii uache chai. Isogeze tu. Inywe saa nne asubuhi na saa kumi jioni, iwe peke yake na kipande cha nduma au kiazi kitamu, mbali na mlo kwa saa moja au mbili. Kidonge kimeze usiku ukienda kulala, kwa maji, kisha ule chungwa au pera. Vitamini C husaidia chuma kuingia, na pera linayo nyingi kuliko chungwa hata kama bei yake ni ya chini. Kidonge kikikuchafua roho, kimeze baada ya kula kitu kidogo. Choo kitakuwa cheusi, na hilo ni jambo la kawaida. Kikiwa kigumu, ongeza maji, papai na mboga. Ukiona bado kinakusumbua mwambie muuguzi. Wengi huacha vidonge kimyakimya na kuvirundika kwenye droo, na upungufu wa damu huja kujulikana wakati wa kujifungua umekaribia.

Hatua ya pili: elewana na mama mboga

"Nikukatie?" atakuuliza, kisu tayari kiko mkononi na fungu la sukuma limekunjwa kwapani.

"Leo usinikatie, mama. Nitaosha kwanza."

Hatakasirika. Baadhi ya mboga zinazouzwa mjini hulimwa kando ya mito ambayo sote tunajua ilivyo michafu. Majani yakikatwa kabla ya kuoshwa, uchafu huingia katika kila mkato, na ukija kuyaosha baadaye vitamini huondoka na maji. Chukua majani mazima, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka jani moja baada ya jingine, yakate, kisha yapike kwa muda mfupi. Ikiwa huwezi kusimama jikoni kwa muda mrefu, mpe kazi hiyo mume au dada unayeishi naye. Kukata sukuma nyembamba si siri ya wanawake.

Zaidi ya sukuma, nunua mboga za kienyeji: managu, terere, saga, kunde, mrenda. Zina madini ya chuma, kalsiamu na foleti (asidi ya foliki ya asili) kwa bei ambayo hakuna dawa ya duka itakayoifikia. Anayeshindwa na uchungu wa managu ayachanganye na terere, nusu kwa nusu, atie nyanya nyingi na akamulie ndimu akiepua. Kunde, ndengu, kamande, maharagwe na njahi ziwe na zamu zao katika wiki. Kwa njugu na mahindi, angalia kuvu. Mwaka wa 2004 zaidi ya watu 100 walifariki mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu ya kuvu ambayo haiondoki kwa kupika. Njugu iliyosinyaa, yenye weusi au ladha chungu, iteme.

Matunda nunua mazima ukayakatie nyumbani. Yale yaliyokatwa na kupangwa vizuri kwenye vikontena kando ya barabara yanapendeza macho, lakini hujui kisu kilioshwa wapi.

Na sasa omena, ambayo wanawake wengi wa mjini wameiacha kwa sababu ya harufu, na mimi nataka wairudie. Ni samaki mdogo anayeliwa mzima, mifupa na kichwa, kwa hiyo unapata protini na kalsiamu kwa mkupuo mmoja. Chagua ile inayong'aa kama fedha. Iliyogeuka rangi ya kutu imekaa. Ichambue, iweke kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, uigeuze kwa mwiko mpaka isikike ikigongana kama kokoto ndogo. Imwagie maji moto, iache dakika chache, kisha isuuze mpaka mchanga usibaki chini ya bakuli. Kaanga kitunguu hadi kiwe na rangi ya dhahabu, tia omena ikauke na kukolea, halafu nyanya, hoho na dhania. Malizia na ndimu. Kusafisha na kuchoma kwanza ndiko kunakoondoa ile harufu. Ikiwa uko katika wiki za kichefuchefu, apike mtu mwingine, dirisha likiwa wazi.

Samaki wa ziwa kama ngege (tilapia) ni mzuri sana kwako. Utampata soko la City Market pale Muindi Mbingu au Gikomba asubuhi. Walio na zebaki nyingi ni wale wakubwa wa bahari kuu wanaokula wenzao, kama papa. Hao waache mpaka utakapomaliza kunyonyesha.

Maini ni suala lenye utata. Yana madini ya chuma mengi, na kila mtu atakuambia uyale. Lakini yana vitamini A nyingi mno, ya aina inayoweza kumdhuru mtoto anapoumbika. Uingereza wajawazito huambiwa wasiyaguse kabisa. Ushauri wangu ni kuyaacha miezi mitatu ya kwanza bila mjadala, na baadaye kuuliza kliniki kabla ya kuyarudisha mezani.

Maziwa yachemshe, hata yakiwa ya mashine ya mtaani, hata yakiwa ya ngamia kutoka Eastleigh ambayo wenyewe husema ni matamu yakiwa mabichi. Brusela, ugonjwa unaoambukizwa kwa maziwa mabichi, upo nchini na unaweza kuharibu mimba.

Hatua ya tatu: vuka wiki za kichefuchefu

Hapa usijidai. Kula unachoweza. Weka kipande cha mkate mkavu au nduma ya jana karibu na kitanda, ule kabla ya kuinuka. Milo midogo kila baada ya saa mbili hushinda milo mitatu mikubwa, na chakula cha baridi huwa na harufu kidogo. Tangawizi iliyochemshwa kwenye maji husaidia wengi. Uji wa wimbi ulioachwa uchachuke kidogo hupita kooni hata pale kila kitu kingine kinakataa, na wimbi lina kalsiamu mara nyingi zaidi kuliko mahindi. Ukifika mahali hata maji hayakai tumboni kwa siku nzima, mkojo ukawa mweusi, hilo limeshavuka kichefuchefu cha kawaida. Nenda hospitali ukatiwe maji.

Hatua ya nne: jua nyongeza ni kiasi gani

Miezi mitatu ya kwanza mwili hauhitaji nyongeza ya maana. Kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita, inayohitajika ni takriban kilokalori 340 kwa siku. Hizo ni ndizi moja, glasi ya maziwa na kiganja kidogo cha njugu, basi. Miezi mitatu ya mwisho hufika kama 450, yaani ongeza yai la kuchemsha na kipande cha avokado. Mayai hayamfanyi mtoto akwame. Jirani yako msikilize kwa heshima, kisha ule yai lako.

Aliyeshika mimba akiwa na uzani wa kawaida hutarajiwa kuongeza kilo 11.5 hadi 16 kwa jumla. Aliyekuwa mzito tangu mwanzo anahitaji pungufu ya hapo, na aliyekuwa mwembamba sana anahitaji zaidi. Mezani, nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe protini, na robo iwe ugali, wali, chapati au matoke. Githeri yenye maharagwe mengi na nusu avokado juu yake tayari ni mlo uliokamilika. Ndengu kwa chapati moja na terere pembeni pia. Chapati tatu na supu ya ndengu si kitu kimoja na hicho.

Hatua ya tano: izungumze hamu yako, hasa ya odowa

Wajawazito wengi Nairobi wanaijua. Yale mawe laini ya kijivu yanayopangwa kwa mafungu sokoni, karibu na tangawizi na vitunguu saumu, ambayo muuzaji hukufungia bila kukuuliza swali. Anayeyatamani atakuambia ni ile harufu: mvua ya kwanza ikigonga ardhi iliyokauka. Kwa wengine hamu huwa kali kiasi cha kuweka kipande mkobani na kukitafuna kazini kwa siri.

Hiyo siri ndiyo inayonisumbua. Udongo huu unaweza kuwa na madini ya risasi na aseniki, ambayo huvuka kondo na kumfikia mtoto. Unaweza kubeba mayai ya minyoo. Hufunga choo. Na mbaya zaidi, hushika madini ya chuma tumboni, wakati hamu yenyewe ya kula udongo au barafu mara nyingi huandamana na upungufu wa hayo madini. Kwa hiyo unakula odowa, chuma kinapungua, na hamu inazidi.

Hakuna sababu ya kuona aibu. Muuguzi wa kliniki amesikia habari ya odowa mara nyingi. Mwambie, na umwombe apime kiwango cha damu. Kwa kawaida kikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu, na matibabu yapo. Wanawake wengi husema hamu ilipoa damu ilipopanda.

Wakati huo, upe mdomo kazi nyingine. Kama unachotaka ni kutafuna kitu kigumu chenye vumbi, jaribu njugu zilizokaangwa kavu au mahindi choma yaliyopakwa ndimu na pilipili. Kama ni uchachu, kuna ukwaju, kuna embe bichi lililooshwa vizuri na chumvi kidogo, kuna mabuyu. Mabuyu chagua yale meupe yasiyotiwa rangi. Ule wekundu unaobaki kwenye vidole haukuwa kwenye mbuyu. Barafu itengeneze mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa.

Hatua ya sita: chagua kitu kitamu, ukae, ule

Nimeona wajawazito wakila keki wamesimama mbele ya friji, haraka, kama wanaiba. Hiyo haimpi mtu raha. Ukiamua leo ni keki, iwe keki nzuri. Ikate, iweke kwenye sahani, vaa dera lako lile unalolipenda, kaa karibu na dirisha, ule polepole mpaka iishe. Kipande kimoja cha namna hiyo hutosheleza kuliko pakiti nzima ya biskuti zilizoliwa kwenye matatu.

Wakati bora wa kitu kitamu ni baada ya mlo wenye protini na mboga, si asubuhi tumbo likiwa tupu. Sukari inayofuata chakula hupanda taratibu zaidi kwenye damu. Mahamri kwa mbaazi Jumamosi asubuhi ni mfano mzuri wa raha iliyobeba chakula ndani yake, kwa kuwa mbaazi zina protini na foleti. Viazi karai kwa ukwaju, bhajia za moto, kaimati mbili tatu, kipande cha chokoleti nyeusi, vyote vina siku yao. Visikutane tu siku moja. Kati ya wiki ya 24 na 28 ndipo kisukari cha ujauzito hupimwa kwa kawaida. Ukipatikana nacho, mpango huu utabadilika na utafuata wa daktari wako.

Kwa kahawa, madaktari wengi wa uzazi hupendekeza usivuke miligramu 200 za kafeini kwa siku. Kikombe kikubwa cha kahawa ya unga wa kukoroga kina takriban 100, cha chai kama 75. Basi siku ya kahawa ruka chai moja kati ya zile mbili: kahawa moja na chai moja, na umebakiwa na nafasi ya chokoleti. Vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa.

Kuna dawa pia, kile kinywaji cha moto cha ndimu, tangawizi na asali kinachouzwa kwenye mikahawa ya mjini. Julai, baridi ya Nairobi ikiingia mifupani, hakuna kitu kizuri kama hicho. Lakini ukiwa kwenye baa au mkahawa wa nyama, uliza kwanza. Kuna dawa nyingine ya Nairobi, iliyopata umaarufu pale Carnivore, yenye vodka, ndimu na asali, na jina ni hilohilo. Pombe haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Divai nyekundu haiongezi damu, hata kama aliyekuambia ni mtu mzima unayemheshimu.

Madafu ni sawa kabisa, yakikatwa mbele yako. Juisi ya miwa huvutia jua likiwa kali, ila mashine ile na barafu ile huzioni zikioshwa. Tengeneza nyumbani juisi ya pasheni na karoti, bila kuongeza sukari.

Hatua ya saba: ukienda kula nje

Nyama choma huliwa. Kinachokatazwa ni nyama yenye wekundu katikati, kwa sababu ya vimelea kama toksoplasma. Mchomaji akileta ubao, kipande cha kwanza kifungue kwa kidole kabla ya kukitia mdomoni.

"Kaka, hii bado. Nirudishie kwa moto."

"Madam, ikikauka haitakuwa tamu."

"Najua. Lakini nina mgeni tumboni."

Atarudisha, na mara nyingi atakuletea mbavu zilizoiva vizuri kuliko za meza ya jirani. Kachumbari ndiyo ya kuangalia zaidi kuliko nyama yenyewe, maana nyanya na dhania zimekatwa mbichi na kukaa. Omba sukuma ya kukaanga mahali pake, au kachumbari uile nyumbani kwako ulikoosha mwenyewe.

Smokie ya barabarani huwa imepashwa juu tu, ndani bado ni ya baridi. Afrika Kusini, kati ya 2017 na 2018, bakteria wa listeria waliokuwa kwenye polony, aina ya soseji nene, waliua zaidi ya watu 200, na watoto wachanga ndio walioumia sana. Mjamzito hushikwa na listeria kwa urahisi kuliko watu wengine, na yeye mwenyewe anaweza kuhisi homa ndogo tu huku mtoto akiwa hatarini. Kwa hiyo smokie na soseji ziwe za nyumbani, zitoke zikifuka moshi hadi katikati. Mutura, yale matumbo yaliyojazwa nyama na damu, iache mpaka mtoto azaliwe. Mayai yawe na kiini kigumu. Jibini laini la maziwa mabichi na samaki mbichi pia vikusubiri.

Foleni za Thika Road na Mombasa Road nazo ni sehemu ya lishe yako, utake usitake. Njaa inayokukuta kwenye gari ndiyo inayonunua krips na soda dirishani. Weka mkobani yai la kuchemsha, ndizi, njugu ulizochambua na chupa ya maji.

Hatua ya nane: shona nguo inayokuruhusu kula

Mavazi na chakula vimeungana zaidi ya watu wanavyodhani. Kadiri mimba inavyokua, homoni hulegeza mlango wa juu wa tumbo la chakula huku mtoto akisukuma kutoka chini, na kiungulia kinaanza. Mshipi unaobana kiunoni au suruali yenye lastiki kali hukizidisha. Mwanamke aliyevaa nguo inayombana hula vijiko vitatu, anaacha, na saa tano usiku anatafuta mkate.

Nenda Biashara Street ukachague kitenge, au Eastleigh kwa dera na baati, halafu umpelekee fundi wako na maelezo kamili. Mkato uanzie chini ya matiti, si kiunoni. Mwambie aache nafasi ya kutosha kwenye mishono ya pembeni ili aifungue baada ya miezi miwili. Na jambo ambalo mafundi wengi husahau: pindo la mbele liwe refu kuliko la nyuma kwa vidole vinne hivi, kwa sababu tumbo likikua huinua nguo mbele, na gauni lililokuwa zuri Aprili linaonekana fupi Juni. Vifungo viwe mbele hadi kifuani, utaendelea kulivaa ukinyonyesha. Ukivalia hilo kwenda mkahawani utakaa wima, utakula polepole, na hutatafuta mahali pa kufungulia zipu.

Viatu vinunuliwe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Kisigino kifupi na kipana kinatosha kupendeza. Baada ya mlo kamili usilale kwa muda wa saa mbili au tatu, na kitandani ulalie ubavu.

Kwa ngozi, krimu za kung'arisha ziache zote. Zenye zebaki zimepigwa marufuku Kenya lakini bado zinauzwa chini ya meza, na zebaki humfikia mtoto. Krimu za retinoli, aina ya vitamini A, pia zisimame. Hina ya asili inayotoa rangi ya hudhurungi haina neno. Ile nyeusi ti inayoshika kwa dakika chache huwa na kemikali za rangi ya nywele na huunguza ngozi. Mwezi wa mwisho acha angalau kidole kimoja bila rangi wala hina, maana hospitalini kifaa cha kupima oksijeni huvishwa kidoleni.

Mambo yasiyosubiri

Maumivu makali ya kichwa yasiyoisha, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali chini ya mbavu: hizo zinaweza kuwa dalili za presha ya mimba. Damu ukeni, maji kuvuja, homa, au mtoto kupunguza kucheza ni za kwenda nazo hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na hata kama mama mkwe anasema upumzike kwanza. Kitabu cha kliniki kikae mkobani kila unapotoka, pamoja na zile njugu, na namba ya dereva wa teksi unayemwamini iwe ya kwanza kwenye simu yako na ya mumeo.